Gordon Abuto Mbele ya Stendi

Stendi za kuwekea karatasi za nyimbo zilifika Migori Jumanne, saa nne asubuhi. Zilikuwa tano, nyeusi, zimefungwa pamoja kwa mpira wa baiskeli, na Clifford, mwenye bendi, alizibeba begani kutoka steji ya matatu mpaka nyuma ya soko, kwenye chumba cha mabati ambamo bendi ya Mirogi Success ilifanyia mazoezi. Alikuwa amezinunua Kisumu kwa vijana wa bendi moja ya rock iliyokuwa inavunjika. Alizisimamisha moja moja mbele ya kila mtu, akazikaza skrubu, kisha akarudi nyuma hatua tatu kuzitazama, kama baba aliyeletewa ng'ombe wa mahari ya binti yake.

"Nilikaa nikaona hao majamaa wa rock wakipiga shoo nzima," alisema. "Kila mtu na stendi yake, na karatasi zake. Hakuna kuulizana ni beti gani inakuja. Hakuna kurudia kiitikio mara tano juu mtu amesahau. Sisi pia tunaingia hiyo levo."

"Na si mashabiki watasema tumekuja kusoma matangazo ya chifu?" aliuliza Bravin, mpiga ngoma, ambaye hakuwahi kukosa neno.

"Wacha waseme. Hoteli ya Homa Bay imetupatia orodha ya nyimbo arobaini. Benga, rumba, za kanisa, na rock ya wazungu kwa sababu ya wageni wa mashirika. Wewe kichwa yako iko na nafasi ya nyimbo arobaini?"

Wote walicheka isipokuwa mmoja. Gordon Abuto, mwimbaji, alikuwa na miaka hamsini na saba, na alikuwa ameiimbia bendi hiyo tangu ikiwa mali ya marehemu baba yake Clifford. Kichwa chake kilikuwa na nafasi ya nyimbo mia nne, sembuse arobaini. Lakini karatasi iliyowekwa kwenye stendi yake ilikuwa na alama nyeusi zilizojipanga mstari kwa mstari, naye hakujua hata moja inasema nini. Gordon hakujua kusoma. Si kwamba aliwahi kujua akasahau; hakujua kabisa, na jina lake mwenyewe alilichora tu kwa mazoea pale alipotakiwa kutia sahihi. Duniani watu wawili ndio waliolijua jambo hilo, yeye na mkewe Jerusha, na alikuwa amepanga liishie hapo.

"Na kitu ingine," Clifford aliendelea. "Pakruok pia itakuwa ya karatasi."

Gordon aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Pakruok ni ile desturi ya mtu kulipa ili wimbo ushushwe kidogo, asifiwe yeye: jina lake, la baba yake, kijiji chake, mashemeji zake, mpaka fahali wake kama anaye. Bendi ya benga isiyo na pakruok haina kazi ziwani. Miaka yote hiyo mtu alikuja jukwaani, akamnong'oneza Gordon sikioni, akaweka noti yake, na Gordon akayapokea yale majina na kuyaimba kana kwamba alikua nayo boma moja. Ukimpa leo jina la babu yako, baada ya miaka kumi angekurudishia bila kuuliza. Ndiyo maana alitafutwa kutoka Mbita mpaka mpakani.

"Meneja wa hoteli hataki pesa zipitie kwa jukwaa," Clifford alieleza. "Mtu analipa kwa Liz, ile dada ya hoteli, pale kaunta. Liz anaandika jina kwa kikaratasi, anakuletea, wewe unaweka kwa stendi unasoma. Mkataba ni mwaka mzima, kila Jumapili, saa nane mpaka saa kumi na mbili. Mwenye hawezi fuata karatasi atabaki Migori."

Clifford hakuwa na nia mbaya. Alilisema hilo akimtazama mpiga besi, mvivu wa kujifunza nyimbo tangu zamani. Mpiga besi alikuwa anakuna kisigino na wala hakusikia. Aliyesikia ni Gordon.

*

Nyumbani, Oruba, Jerusha alizisoma zile karatasi kila asubuhi kabla ya kwenda kuuza dagaa wa omena sokoni. Aliishia darasa la saba na Kiingereza chake kilikuwa cha kukwaruza, lakini alisoma. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango apate mwanga, na Gordon akakaa mbele yake, macho ameyafumba, mikono juu ya magoti. Jerusha alisoma mstari, Gordon akaurudia. Alisoma ubeti, Gordon akaurudia wote. Mara ya tatu haikuhitajika.

"Huu unasema nini?" Gordon aliuliza siku moja, juu ya wimbo mmoja wa rock.

"Nafikiri kuna mtu anatafuta mtu kwa barabara kubwa. Halafu kuna mvua."

"Alimpata?"

"Haijaandikwa."

Taabu ilikuwa kwamba karatasi zote zilifanana. Jerusha ndiye aliyepata dawa. Alichukua kalamu nyekundu akachora kitu kidogo pembeni mwa kila wimbo: samaki, jembe, kikombe, kuku, ndala. Gordon alikariri ni wimbo upi una mchoro upi, na Clifford akitaja wimbo, yeye alifunua karatasi mpaka ampate kuku wake. Jerusha alimfundisha pia kugeuza ukurasa baada ya kiitikio cha pili, na kushusha macho mara moja moja.

"Usikodoe sana," alimwonya. "Wenye wanajua kusoma hawakodoi."

Zilikuwa asubuhi nzuri. Jerusha alimcheka anavyojifanya msomi, naye akazidisha, akalamba kidole kabla ya kugeuza ukurasa kama karani wa mahakama. Lakini Jumatatu moja mkewe aliweka karatasi chini kabla ya wimbo kwisha.

"Baba Adhiambo, si uwaambie tu?"

"Niwaambie nini? Kwamba siku zote nilikuwa naangalia barua za bendi nikitikisa kichwa, nilikuwa natikisa bure?"

"Hakuna mtu atakufukuza."

"Hawatanifukuza. Watanihurumia, Jerusha. Watakuwa wananisemesha pole pole kama mtu ametoka hospitali."

 Jerusha aliinua karatasi, akatafuta pale alipoachia.

Alhamisi ikaja simu kutoka Muhuru Bay. Mama yake Jerusha alikuwa ameteleza ufuoni akianua omena, akavunjika nyonga. Kufika saa sita Jerusha alikuwa amefunga mzigo wake. Nyimbo tano zilikuwa zimebaki, hazijasomwa wala hazijachorwa.

"Tafuta mtu mmoja tu," alimwambia stejini, gari likianza kunguruma. "Mtu mmoja mwenye unaamini."

Gordon alirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima aliwapitia kichwani watu aliowajua. Wauza samaki wa Mbita, walimu, madiwani, wachimba dhahabu, wachungaji wawili, mabibi harusi ambao siku hizi ni nyanya. Aliyajua majina yao na ya baba zao. Alitafuta mmoja wa kumwambia na hakumpata. Aliposonga ugali wake na kula, zile karatasi tano zilikuwa mezani mbele yake, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba alijisikia akitafuna.

*

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Kerosi. Kerosi alikuwa Mkisii aliyeendesha kibanda cha M-Pesa karibu na lango la ploti, mtu wa salamu nyingi.

"Kerosi ndugu yangu, miwani yangu imevunjika. Hebu nisomee hapa kidogo."

"Lakini sijawahi kukuona na miwani, Mzee Gordon."

"Huwa navaa kwa nyumba."

Kerosi alikuwa mwema, na wema wake ndio uliomponza Gordon. Badala ya kupokea karatasi, alivua miwani yake mwenyewe akampa kwa mikono miwili.

"Jaribu hii yangu. Macho ya wazee ni moja."

Gordon aliivaa na kibanda kizima kikawa uji. Aliishika karatasi, akaisogeza mbali, akaileta karibu, akakunja uso, kama alivyowaona watu wakifanya.

"Unaona?"

"Hii nguvu yake si ya macho yangu."

"Basi lete nione."

Kerosi alisoma. Ulikuwa wimbo wa Kiingereza wa mapenzi, naye akausoma kwa sauti ile ile ya kumtajia mteja nambari ya simu, mstari baada ya mstari, huku foleni ikikua. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alimwambia, "Kumbe Kerosi unajua kubembeleza hivyo!" Watu wakaangua kicheko. Gordon naye alicheka, jasho likimtoka, macho ameyafumba, akiokota kila neno. Walimaliza nyimbo mbili. Wa tatu hawakuufikia kwa sababu kijana mmoja mwenye haraka alianza kugonga kaunta kwa sarafu, na Gordon akakusanya karatasi zake akaondoka bila kuaga vizuri.

Tatu zilizosalia alizipata mazoezini kwa ujanja. Kila wimbo ulipofika alimwambia Clifford, "Hebu imba wewe kwanza nisikie unataka uende aje." Clifford aliyapenda hayo, akaimba kwa madaha mpaka mwisho, na Gordon akazibeba zote tatu kwa kusikia mara moja. Hapo alipumua. Alidhani amevuka.

Lakini Kerosi alikuwa na mdomo. Bravin alipokwenda kutoa pesa, aliambiwa kwamba yule mzee wao wa bendi anahangaika hana miwani, anasomewa na majirani. Jumatano iliyofuata Gordon alipoingia mazoezini aliwakuta wote wamesimama, Bravin ameficha mkono nyuma.

"Mzee, mbona hukusema?" Bravin alimwambia. "Miaka yote unatupita kwa barabara bila salamu, tukidhani unaringa. Kumbe ni macho!"

Walikuwa wamechanga. Hata mpiga besi alikuwa ametoa. Ilikuwa miwani ya kusomea, ya fremu ya kahawia, kutoka kwa mchuuzi wa stejini, na walimwambia mchuuzi awape ile yenye nguvu kuliko zote, wasije wakafanya jambo la nusu. Clifford alimvisha kwa mikono yake mwenyewe. Wakapiga makofi. Machozi yalimtoka Gordon, na kila mtu aliyeyaona alidhani ni ya furaha.

"Unaona sasa?"

"Naona," alisema Gordon. Uso wa Clifford mbele yake ulikuwa kama kiazi kilichomenywa. Alitamani aivue pale pale. Lakini utaivuaje zawadi ya watu waliokuchangia? Na mtu aliyekwisha kusema hana miwani, akipewa, atasema nini tena?

Jioni alimpigia Jerusha. Mtandao wa Muhuru Bay, pale mpakani, ulikuwa unakwenda Tanzania na kurudi, sauti ikaja vipande vipande.

"Wamenipa miwani."

"Miwani ya nini?"

"Ya kusoma."

Jerusha alicheka, akacheka sana, kisha Gordon akamsikia ameacha kucheka.

"Waambie, Baba Adhiambo. Huo mzigo unabeba wa nini?"

"Hii Jumapili ipite kwanza," alisema Gordon, na simu ikakatika kabla hajajua kama amesikika.

*

Hoteli ilikuwa ukingoni mwa ziwa, Homa Bay, na jukwaa lilikuwa chini ya hema jeupe. Saa nane kamili stendi tano zilikuwa zimepangwa, karatasi zimebanwa kwa vibanio vya nguo zisipeperushwe na upepo. Meneja alipita mbele ya jukwaa akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Watu wa mashirika walikaa upande wa kivuli na soda zao. Wenye pesa wa Homa Bay, Mbita na Migori walikaa mbele, penye kuonekana.

Nyimbo zilikwenda salama. Gordon alimtambua kuku, akatambua jembe hata kwa ile miwani, kwa sababu wino wa Jerusha ulikuwa mwekundu; kwa zile nyimbo tano zisizochorwa alifunua karatasi yoyote isiyo na wino huo, kwani maneno alikuwa nayo kichwani. Aligeuza kurasa kwa wakati. Alipoimba ule wimbo wa rock wa barabara na mvua, meza ya wazungu ilisimama ikapiga miluzi, naye hakujua kama yule mtu amepatikana au bado, lakini aliimba kana kwamba yeye ndiye anayemtafuta.

Vikaratasi vya pakruok ndivyo vilivyokuwa shida, ingawa alikuwa na mpango. Hakuhitaji kusoma. Angetazama nani anatoka kaunta kwa Liz, nani anakaa upya kitini, anajinyoosha kola na kutazama jukwaa akisubiri. Huyo ndiye aliyelipa. Na mwenye pesa gani wa kaunti hizi mbili ambaye Gordon hakumjua kwa sura? Ungekuwa mpango mzuri kama angekuwa na macho yake. Sasa alikuwa na miwani ya akina Bravin, na kupitia miwani hiyo, watu wote wa mbele walikuwa rangi tu.

Cha kwanza alibahatisha. Aliona gauni la manjano likitoka kaunta, na gauni la namna hiyo, la mabega mapana, ni Filister tu wa samaki, kutoka Mbita, angelivaa. Alimsifu Filister, nyar Rusinga, binti wa kisiwani, na gauni la manjano likainuka likacheza mpaka mbele. Gordon alipumua.

Liz akaleta cha pili. Gordon alikiweka juu ya stendi, akainama juu yake kama anayesoma, akainua macho. Mwanamume mkubwa wa kofia nyeupe alikuwa ametoka kaunta, anakaa. Mkubwa, kofia nyeupe. Levi mkandarasi! Gordon alishusha mkono, bendi ikapunguza sauti, na akaanza: Levi wuod Ong'ondo, mwana wa Ong'ondo, shemeji wa Kasipul, mwenye malori yanayoiamsha Rongo kabla ya jogoo, Levi ambaye akikohoa machimboni Osiri mawe yanasagika yenyewe. Alimpandisha Levi mpaka kwa babu yake wa tano.

Levi alikuwepo. Lakini alikuwa meza nyingine kabisa, hana kofia, wala hakuwa amelipa hata shilingi. Alishangaa, akatazama huku na huku, kisha akainuka na kucheza, mikono juu, kama mtu aliyeokota. Yule wa kofia nyeupe alikuwa Wangwe, Mkuria mwenye mashimo ya dhahabu Osiri. Yeye na Levi walikuwa na kesi ya mpaka wa shimo mwaka wa pili sasa, na hakuna mtu wa mbele pale asiyeijua. Wangwe alikuwa amelipa ili yeye asifiwe, Levi akisikia.

Alipanda jukwaani kwa hatua ndefu. Bendi ikanyamaza bila kuambiwa. Alikichukua kile kikaratasi kwenye stendi na kukibamiza tena pale pale mpaka stendi ikayumba.

"Mimi nimelipa kwa ile dada. Karatasi yangu ndiyo hii. Wewe umesifu nani?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Hema zima lilisikia.

"Ni makosa, mzee wangu," alisema Gordon. "Macho..."

"Macho gani na umevaa miwani? Soma. Hapa. Watu wasikie."

Clifford alikuja mbio na gitaa lake likining'inia. "Mzee, soma tu hiyo jina tuendelee," alinong'ona. Kisha akanyoosha mkono asome mwenyewe, lakini Wangwe akauondoa mkono huo.

"Wewe hapana. Yeye. Nataka asome yeye. Ama jina ya Mkuria haikai kwa mdomo yake?"

Meza za mbele watu wakaweka glasi chini. Watu wa Migori, Waluo kwa Wakuria, wanajua neno la namna hiyo likiachwa hewani linaweza kufika wapi. Gordon aliona njia zake mbili. Akinyamaza, atakuwa mzee aliyemdharau Mkuria hadharani, na maneno hayo yatafika Kehancha, kwa Wakuria, kabla ya jua kuzama. Akisema, basi ndiyo yameisha, miaka yote aliyojificha imeishia juu ya jukwaa la Homa Bay.  Akavua miwani. Kwa mara ya kwanza tangu saa nane akauona uso wa mtu: uso mpana, wenye jasho, wa mtu aliyeumia kuliko alivyokasirika. Alikuwa hajawahi kumwona.

"Sijui kusoma," alisema Gordon.

Sauti yake ilitoka kwenye spika zote nne.

"Sijawahi kujua. Hata hizi zingine zote hapa, sijui zimeandikwa nini. Bibi yangu ndiye hunisomea kwa nyumba."

 Kisha mwanamke mmoja wa meza za mbele akapasuka kicheko. Mzee amesimama mbele ya stendi, karatasi arobaini zimebanwa vizuri, miwani mkononi, anasema hajui kusoma! Kicheko kikaruka meza ya pili, ya tatu, kikafika kwa wazungu ambao hawakuelewa lakini hawakutaka kuachwa. "Na miwani ni ya nini, mzee wetu jaduong'?" mtu alipiga kelele. "Kwani soda inanunuliwa na wenye kiu peke yao?" mwingine akamjibu, na hema likazidi.

"Ni kweli," alisema Gordon. "Jamani, ni kweli nawaambia."

Bravin, aliyekuwa amekaa nyuma ya ngoma zake akifuta machozi ya kicheko, alipiga ile midundo miwili na toazi ya kusindikiza kichekesho. Watu wakapiga meza.

Wangwe alijaribu kushikilia hasira yake. Mdomo ulimcheza, akaukaza, ukamshinda. Akacheka mpaka kofia ikaanguka, akampiga Gordon bega kama kijana mwenzake. "Umeniweza, mura. Mzee wewe ni mbaya!" Akamwinamia, na kama watu walivyofanya siku zote kabla ya stendi kuja, akamnong'oneza sikioni: Wangwe, mwana wa Nchagwa, wa Kehancha, mashimo matatu Osiri, mama yake bado hai. Gordon aliyapokea. Alimwimba Wangwe kama hajawahi kumwimba mtu, akamtaja yule mama mara tatu, na Wangwe akazisahau sheria za meneja, akatoa noti mfukoni akazibandika kwenye stendi moja moja.

Gordon aliimba huku amefumba macho. Alikuwa amesema. Lilikuwa limetoka mdomoni mwake, kubwa kama lilivyo, mbele ya watu mia tatu, na hakuna aliyelipokea.

*

Saa kumi na mbili walifunga nyaya. Clifford alimkumbatia Gordon mpaka akamwinua kutoka chini.

"Mzee, hiyo kitu uliitoa wapi? Jamaa alikuwa anatuharibia mkataba siku ya kwanza! Meneja anasema hajaona mchekeshaji kama wewe."

"Clifford," alisema Gordon. "Mwanangu, sikiliza. Haikuwa mchezo. Sijui kusoma. Hata marehemu baba yako hakulijua hili, wala mama yako. Sijui."

Clifford alimtazama, na Gordon alimtazama pia, bila miwani, karibu kabisa. Kwa muda wa pumzi moja alidhani imefika. Kisha Clifford akaanza kutikisika mabega.

"Ona! Ona hiyo sura! Hata sasa hucheki! Mzee, usiibadilishe, tafadhali, fanya hivyo hivyo." Alicheka mpaka akakohoa, akaomba kalamu kwa Liz, akachukua karatasi safi akaandika kwa herufi kubwa, akiegemea stendi. "Tutaiweka kila Jumapili, saa kumi, baada ya zile za rock. Mimi nitatafuta mtu wa kupanda jukwaani akukasirikie. Shika. Nimekuandikia usisahau."

Akaondoka kwenda kuhesabu spika. Bravin alipita na ngoma kubwa kichwani, akasema, "Jaduong' hajui kusoma," akaenda zake akicheka peke yake.

Gordon alishuka mpaka kwenye mawe ya ufuoni na ile karatasi mkononi. Alikuwa na kazi ya mwaka mzima. Hakuna aliyemhurumia, hakuna aliyemdharau, kila alichokiogopa hakikutokea, na hakuwa amewahi kujisikia mpweke namna ile. Alimpigia Jerusha. Simu ilishika mara ya nne.

"Mama anaendeleaje?"

"Amekunywa uji. Na wewe? Ilienda?"

"Nimewaambia, Jerusha."

Upande wa pili kulikuwa na upepo, halafu sauti ya mkewe ikaja karibu sana. "Asante Mungu. Wakasemaje?"

"Walicheka."

"Wote?"

"Wote. Walidhani ni shoo."

"Na Clifford? Clifford ulimwambia vizuri, nyinyi wawili?"

"Nilimwambia. Ameniandikia kwa karatasi, niseme tena Jumapili ijayo. Kila Jumapili."

Gordon alimsikia mkewe akivuta kigoda na kukaa.

"Kwa hiyo karatasi," Jerusha aliuliza, "ameandika nini hasa?"

Gordon aliikunjua, akaitazama. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Sijui," alisema. "Rudi unisomee."